Samaki Tuliyemwita Mzee

Samaki mmoja, urefu wa kidole cha kati, anahitaji maji kiasi gani? Nilijiuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, na Kampala nzima sikuwa na wa kumuuliza. Siku zile maswali yalikuwa kama sukari: ukiwa nayo, unaficha.

Tulikuwa tumehama vyumba viwili vya Kisugu na kuingia Nakawa, katika nyumba ya familia ya Kihindi iliyofukuzwa nchini. Baba alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Nyumba ziligawiwa kwa cheo, nasi tukapata ile ambayo sajini mmoja aliikataa kwa kuwa paa lilivuja. Sebuleni wenyewe waliacha tangi la kioo, refu kuliko kitanda changu, na ndani yake samaki mmoja mwekundu, aliyesalimika sijui kwa kula nini. Nilimpenda siku ileile. Nilimlisha makombo ya mandazi, nikimtazama anavyokwenda mpaka mwisho wa kioo na kurudi, bila haraka, kama mtu anayekagua shamba lake.

Kisha sukari ikaadimika. Vijana wa leo hulia mtandao ukikatika. Sisi tulikunywa chai isiyo na sukari tukaambiwa ni dawa. Sukari ikitokea, Mama hakuuliza bei, aliuliza chombo. Baba aliporudi na gunia zima (lilikotoka hatukuuliza), Mama akaligeukia tangi. Lilikuwa na mfuniko, na meza yake ilikuwa na miguu ya kusimamishwa kwenye mikebe ya maji ili sisimizi wasipande.

"Na samaki?" nikauliza.

"Mtie kwenye chupa ya achari."

"Mama, ile ni ndogo!"

"Banange, huyu mtoto! Samaki amekuja kwako kulalamika?"

Baba akacheka. "Binti yangu, samaki anakua kwa kadiri ya chombo. Mpe ziwa, atajaza ziwa. Mpe chupa, atatosha chupa. Na wewe punguza maswali. Wanaouliza sana huitwa nje mara moja tu, viatu vyao vikabaki mlangoni."

Sikuamini. Kila Ijumaa nilimpima kwa rula ya shule, nikiomba arefuke amwaibishe Baba. Wiki kumi rula ilitoa jibu lilelile. Nikasalimu amri, ushahidi ni ushahidi. Maji yakawa na rangi ya chai, mgongo wake ukapinda, kugeuka kukawa kazi. Tukamwita Mzee. Wageni walimsifu: mpole, hali chakula kingi, hasumbui mtu. Raia mwema.

Asubuhi moja nikamkuta anaelea ubavu. Tulimzika nyuma ya jiko, ndani ya mkebe wa rangi ya viatu.

"Usilie," Baba akasema. "Ameishi huyu. Amekula chumvi nyingi."

"Chumvi ipi?" Mama akamkatiza. "Wiki ya tatu hii dukani hakuna!"

Tulicheka mpaka nikasahau kulia. Ndiyo maana nazikumbuka siku zile kwa hamu nisiyoweza kuitetea.

Baadaye nilisoma falsafa chuo kikuu, nikafundishwa kutilia shaka kila kitu. Neno la Baba sikuligusa. Si nilikuwa nimepima mwenyewe?

Juzi nilimsindikiza mpwa wangu wa Kabalagala kununua tangi. Akauliza lita ngapi kwa kila samaki, hewa kiasi gani, maji yabadilishwe lini. Samaki wake watakuwa na nafasi kuliko wapangaji wa ua wake, nikamtania. Lakini nilimwonea wivu: aliuliza kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na muuzaji akajibu.

Nami nikauliza langu, la tangu nikiwa na miaka tisa, nikimsimulia habari za Mzee. Muuzaji akasema samaki wa aina ile hafuati chombo. Chupani hudumaa, akila sumu ya uchafu wake mwenyewe. Akipata maji ya kutosha huishi hata miaka ishirini. Wa urefu wa kidole hajafikisha miwili.

Mzee wetu alikufa mtoto.