Uso wa Kupimia Rangi

Kila asubuhi, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, mashine ya kuchapisha picha huhitaji kuulizwa kama imeamka salama. Fundi huchapisha picha moja ya majaribio na kuitazama kwa makini. Akiona wekundu umezidi huupunguza, akiona kijani kimezidi hukipunguza, mpaka rangi zote zikae mahali pake. Picha hiyo haina mteja. Katika maduka mengi hutumika kadi iliyoletwa pamoja na mashine, yenye vipande vya rangi mbalimbali na uso wa mwanamke mmoja asiyejulikana na mtu.

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, aliikataa kadi hiyo katika wiki yake ya kwanza kazini, miaka ishirini na mitatu iliyopita. Mwanamke wa kwenye kadi alikuwa mweupe kama unga. Mashine ikipangwa kwa kumpendeza yeye, wateja wa duka walitoka ama kama majivu ama kama makaa. Shemeji alifanya jambo rahisi tu. Alikaa juu ya stuli mbele ya kamera, akajipiga picha mwenyewe, na tangu siku hiyo mashine ikapimwa kwa uso wake. Rangi yake ni ya kahawia iliyoiva, yenye wekundu kidogo mashavuni, na alisema anaifahamu kama mtu anavyoifahamu njia ya kwenda jikoni kwake taa zikiwa zimezimwa. Mashine ilipomtoa yeye sawasawa, iliwatoa sawasawa na wengine. Sifa zikaenea kwamba katika duka lile mtu hutoka alivyo. Wenzake kazini wakamwita Kipimo, na jina likamganda.

Kwa kuwa picha ya kupimia huhitaji rangi nyingine mbali na ile ya ngozi, aliweka vitambaa saba vya kichwa katika droo ya chumba cha mashine. Mwanzoni alivivaa kwa zamu. Baadaye akaanza kuchagua kulingana na alivyoamka: manjano siku ya furaha, nyekundu siku ya hasira, kijani siku ambayo moyo umetulia, zambarau siku ambayo hajielewi. Nyuma ya kila picha aliandika tarehe, rangi ya kitambaa na maneno machache. “Manjano. Mwanangu amefaulu.” “Nyekundu. Mwenye duka ameniudhi, leo simsemeshi.” “Zambarau. Sijui.” Yeye si mtu wa kueleza yaliyo moyoni. Ukimuuliza hali atakujibu kuwa ni njema, hata akiwa na homa inayotikisa kitanda. Picha zile ndizo zilizosema kwa niaba yake.

Mwenye duka, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka zaidi ya kumi, alijifunza kuchungulia chumba cha mashine kabla ya kuingia.

“Leo mama ni mwekundu,” aliwanong'oneza wengine siku moja. “Habari za zamu ya Jumapili tutaziongea kesho.”

“Nimekusikia,” Kipimo akajibu kutoka ndani. “Na kesho pia nitakuwa mwekundu.”

Mwaka jana malalamiko yalianza kuingia, moja moja. Mzee mmoja alirudisha picha za kitambulisho akisema kwamba askari hawatamtambua. Kisha akaja mama wa bi harusi. Aliweka albamu juu ya kaunta, akaifungua katikati, akaigeuza imwelekee mwenye duka.

“Baba, hebu nitazamie. Siku hiyo binti yangu alikuwa bi harusi. Humu ndani mmemfanya maiti.”

Mwenye duka alitazama. Nyuso zote zilikuwa zimeingia rangi ya buluu, kana kwamba sherehe nzima ilifanyika ndani ya maji baridi. Akaipeleka albamu chumba cha mashine. Kipimo aliiinua kwenye taa, akapekua kurasa polepole, akasema haoni kasoro.

“Mama, hii buluu huioni?”

“Naona watu waliovaa vizuri. Kama pana tatizo, mtafuteni fundi aiangalie mashine.”

Fundi wa mashine aliitwa. Alishinda siku nzima akifungua na kufunga, na jioni akapangusa mikono.

“Mashine ni nzima,” alisema. “Inafanya inachoambiwa. Kuna mtu anaiambia ipunguze manjano, leo kidogo, kesho kidogo. Sasa manjano yenyewe ni kama hayapo.”

Mtu huyo hakuhitaji kutafutwa, maana ni mmoja tu aliyekuwa akigusa vipimo vile. Mwenye duka alikosa ujasiri wa kumwambia kwamba kosa ni lake. Alimpa Kipimo likizo ya wiki mbili, kisha akairudisha kwenye mashine kadi ya yule mwanamke mweupe.

Kipimo alikuja kwetu jioni hiyo, amebeba sanduku la karatasi ngumu lililofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na picha zake zote.

“Wamenipa likizo nisiyoiomba,” alisema, akaketi.

“Utapumzika, dada,” mke wangu akamwambia.

“Anayepumzika ni aliyechoka. Mimi sikuchoka.”

Alijua, na sisi tulijua, kwamba likizo za namna hiyo mara nyingi hazina tarehe ya kurudi. Ile ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipenda, na katika umri wa miaka hamsini na minane hakuna duka jingine ambalo lingempokea.

Mke wangu alifungua sanduku ili apate jambo la kufanya na mikono yake. Alitoa picha za juu, ambazo ndizo za karibuni, akazitandaza mezani. Dada yake alikuwa humo, asubuhi baada ya asubuhi, uso umepauka na kuingia buluu kama mtu aliyetolewa mtoni.

“Dada,” alisema mwishowe, “nilijua una huzuni, lakini kiasi hiki, na hukuniambia?”

Kipimo akatazama dirishani.

Nimesahihisha madaftari kwa miaka thelathini na minne, na sijui kutazama rundo la karatasi bila kulipanga. Nikaomba ruhusa, nikasogeza viti, nikaanza kuzipanga picha sakafuni kwa tarehe. Zilikuwa nyingi mno, kwa hiyo nikachagua zile za kitambaa cha manjano peke yake. Kitambaa kilikuwa kilekile. Hata doa la wino pembeni lilionekana katika kila picha. Katika safu za mwanzo kilikuwa na rangi ya kiini cha yai. Miaka mitatu ya mwisho kilififia, kisha kikapauka, na katika picha za karibuni kilifanana na maziwa yaliyochachuka. Nikazigeuza moja moja. Nyuma yake mwandiko haukubadilika: manjano, furaha, manjano, furaha tena.

“Shemeji,” nikamuuliza, nikiinua moja ya zile za mwisho, “siku hii ulikuwa na furaha kweli?”

“Sana. Ndiyo siku aliyozaliwa mjukuu wangu.”

“Na kitambaa hiki unakionaje hapa pichani?”

“Cha manjano. Ulitaka nikioneje?”

Mke wangu na mimi tukatazamana. Kipimo akaona tulivyotazamana, naye hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Aliinama, akaokota picha ya mwaka wake wa kwanza na ile ya mwezi uliopita, akazishika pamoja karibu na taa.

“Si mashine, basi,” alisema.

“Haielekei kuwa mashine,” nikajibu.

Ndipo akatueleza aliyokuwa ameyaficha. Giza la macho yake alilijua tangu mwaka juzi. Siku moja alikwenda kazini na kiatu kimoja cheusi na kingine cha buluu iliyokolea, na hakuna aliyemwambia mpaka saa kumi. Taa za magari zilikuwa zikimchoma macho. Sindano alishindwa kutunga. Hayo yote aliyajua. Lakini kwamba rangi nazo zilikuwa zimemponyoka, hilo hakulijua, maana kila asubuhi aliyaona manjano yamezidi, na kila asubuhi aliyapunguza kwa uaminifu kabisa.

“Kwa nini hukusema?” mke wangu akamuuliza.

“Mama alianza hivihivi.”

Mama yao nilimkuta akiwa tayari haoni. Mchana kweupe alikuwa akiketi sebuleni na kuuliza mbona taa haijawashwa. Hakuwahi kupelekwa kwa daktari, kwa kuwa kila mtu alisema ni uzee, naye akakubali.

“Ulituacha tudhani una huzuni,” mke wangu alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. “Miezi yote hii mimi naja kwako na maneno ya kukufariji.”

“Huzuni haimfukuzi mtu kazi, mdogo wangu. Upofu unamfukuza.”

“Kwa hiyo ukaninyamazia?”

“Nikakunyamazia. Na maneno yako ya kunifariji yalikuwa marefu, nikayavumilia.”

Mke wangu alitaka kukasirika akashindwa, akacheka huku akifuta macho. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulikuwa watatu kwenye benchi la kliniki ya macho. Kipimo alikaa katikati, mkoba mapajani, akingoja kuitwa.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho mwisho. Alimdondoshea dawa, akasubiri, akamulika jicho moja na jingine, akaandika.

“Nitapofuka lini?” Kipimo akamuuliza kabla hajamaliza kuandika. “Niambie tarehe, nijipange.”

Daktari akaweka kalamu chini.

“Mama, huu ni mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu, na imekuwa ya kahawia. Ni kama umekuwa ukitazama dunia kupitia bilauri ya chai. Tunaitoa, tunaweka nyingine safi. Huko nyuma ya jicho nimepaona kiasi, na panaonekana pazima. Kwa ugonjwa huu hutapofuka, ukikubali kutibiwa.”

“Ndiyo maana niliyaona manjano yamezidi.”

“Ndiyo maana. Na kwa kuwa yalikuja polepole, ukayazoea. Uliyakataa kwenye picha tu, kwa sababu picha ulikuwa ukizilinganisha na kumbukumbu yako.”

Kipimo akauliza kwa sauti ya chini, “Na mama yangu? Naye angetolewa hiyo chai?”

“Sikumpima, mama, siwezi kusema. Inawezekana.”

Alitikisa kichwa. Nilidhani atalia, lakini alishusha pumzi ndefu, pumzi ambayo naamini alikuwa ameibana tangu siku ya kile kiatu, mabega yake yakashuka, akamwambia daktari kwamba yuko tayari hata leo. Daktari akamwambia leo foleni imejaa.

Alifanyiwa jicho la kulia baada ya siku tisa. Kazi yenyewe haikuzidi nusu saa. Asubuhi iliyofuata muuguzi alibandua bandeji ya jicho, akampangusa, akamwambia afumbue taratibu. Kipimo alifumbua. Alitazama shuka, akatazama mikono yake pande zote mbili, kisha akamgeukia mdogo wake aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, akamkagua kutoka juu hadi chini.

“Kumbe umezeeka namna hii, na hamkuniambia?”

“Tulidhani unaona.”

“Na hizo mvi?”

“Dada, za kwangu ni chache. Subiri upate kioo.”

Aliletewa kioo. Aliona makunyanzi ambayo hajapata kuyaona, akayafuata kwa kidole moja baada ya jingine, bila haraka. Akaomba simu ya mke wangu, akasogea dirishani na kujipiga picha. Tulikuwa tumembebea vitambaa vyake vyote, tukijua atataka kuchagua. Alivitandaza kitandani akavitazama kwa raha kubwa, akakishika kimoja kimoja kama mtu anayesalimia jamaa waliotoka safari. Kisha akaviacha hapohapo, akajipiga picha ya pili kichwa wazi, mvi zote nje.

Wiki hiyo alikuwa nyumbani kwetu, na kazi yake kubwa ilikuwa kufumba jicho moja na kufungua jingine. “Hapa ni jana,” alisema, akitazama kwa la kushoto. “Hapa ni leo.” Aligundua kwamba kuta za sebule yetu ni nyeupe wala si za manjano hafifu kama malai, na kwamba chini ya jiko pana uchafu, jambo ambalo mke wangu hakulipokea vizuri.

Mwenye duka alikuja kumwona siku ya Jumamosi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akieleza kwamba tangu kadi irudi wateja wanasema wametolewa kama majivu, na mama mmoja amemuuliza kama duka limebadilisha watu.

“Rudi, mama,” alisema. “Jicho la pili likishapona, rudi.”

“Nitarudi kwa sharti,” Kipimo akamjibu. “Kila asubuhi, nikishapima, na mtu wa pili atazame. Akiona kasoro, aniambie usoni pangu, asinipe likizo.”

Mwenye duka akainamisha kichwa. “Nisamehe, mama. Niliogopa.”

“Na mimi niliogopa. Tuliogopa wawili, bi harusi wa watu akalipia.”

“Zile za miaka mitatu zilizo kwenye mashine, za kwako, tuzirekebishe? Fundi anasema inawezekana.”

Kipimo alifikiri. “Za wateja zote nitazirekebisha mwenyewe, na hizo za harusi nitampelekea yule mama kwa mkono wangu, nimweleze. Za kwangu ziacheni. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiona, na furaha yangu humo ilikuwa ya kweli.”

Kisha akamwomba mwenye duka amsindikize hadi barabarani, kwa kuwa tangu asubuhi alitaka kuuona kwa karibu mlango wa jirani yetu, mlango ambao kwa miaka yote hiyo alidhani ni mweusi, kumbe ni wa buluu.