Dume Niliyemchagua kwa Mapaja

Nimejisomea sana jinsi misuli inavyokua. Mwilini mna protini, myostatini, inayoizuia isikue kupita kiasi. Ng'ombe ambaye jeni yake ya protini hiyo ina kasoro hujaa mapaja.

Basi dada yangu Akinyi, mjane, alipotaka dume wa mbegu wa kufufua boma lake, nilimshauri abadilishane mitamba wake wawili na mnyama niliyemwona sokoni Ndhiwa. Nilimpima mapaja kwa kamba nikiwaeleza wachuuzi habari za jeni. Walinisikiliza kwa heshima, wakidhani natafuta ng'ombe wa kuvuta jembe.

Nyumbani Akinyi aliinama nyuma ya mnyama.

"Kaka, haya mapaja ni ya kulima. Huyu ni maksai. Kwani vitabuni hawaangalii chini?"

Nikainama, nikaona. Mitamba walikuwa wameshapakiwa kwenye lori la kwenda mpakani.