Pazia Nyuma ya Sinia

Siku wazee walipokuja kuniposa hapa Kibiti, nilikuwa jikoni nimeziba mdomo kwa mkono nisije nikajipigia vigelegele mwenyewe. Nilikuwa na furaha ya kichaa. Mchumba hakuja, kwetu huja wazee. Posa yangu ya kwanza ilivunjwa na maneno ya watu, kwa hiyo safari hii Mama alinionya: "Asijue mtu kabla ya shangazi yako." Baba ameshafariki, na neno la mwisho ni la dada yake anayeishi Ngorongo. Akikataa, hakuna ndoa. Naye akisikia jambo la nyumbani kutoka nje, kwanza hukataa, kisha ndipo huuliza lilikuwa jambo gani.

Nilijikaza mpaka jioni. Halafu nikapiga picha sinia la halua na tende walilotuletea, nikaiweka stetasi. Nilijiona mjanja kweli: sikuweka uso wa mtu, sikuandika neno, na nikachagua mashoga zangu wachache tu ndio waione. Shangazi mwenyewe ana simu ya vitufe. Nikalala nachekelea.

Kesho yake kabla ya adhuhuri bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka shangazi. Shikamoo yangu hakuipokea. Alikwenda moja kwa moja kwenye pazia la mlango wa chumba, ambalo ni pande la kanga, akavua kanga aliyojitanda, akaviweka pamoja. Ni doti moja hiyo. Aliinunua yeye, pasi ya mkaa ikaiunguza ingali imekunjwa, basi akampa Mama pande moja na yeye akabaki na jingine. Matundu yakalingana. Shoga yangu mmoja, jirani yake kule Ngorongo, alikuwa amemwonyesha ile halua waitamani pamoja. Shangazi hakuiona halua. Aliona pazia nyuma ya sinia.

"Uso umeuficha, mwanangu, nyumba nzima umeianika," akasema. "Mashoga zako wameshajua. Mimi ndiye wa mwisho."

Niliona ndoa yangu inapanda bodaboda na kurudi naye Ngorongo. Nikamwomba radhi, nikasema sana, nikasema hovyo, na yeye akaniacha mpaka nikachoka.

"Huyo mwanamume yukoje?"

Nikampa simu. Picha ya mchumba wangu ilikuwa humo, na sikuwahi kuirusha popote. Hiyo niliionea wivu. Shangazi akaketi mkekani, akaisogeza karibu na macho, akaiangalia sana.

"Nani mwingine kamwona?"

"Hakuna, shangazi. Hata Mama bado."

Uso ukamkunjuka. Mama, aliyekuwa ametokea jikoni, akasogea haraka na yeye aone. Shangazi akaigeuza simu kifudifudi mapajani pake.

"Wewe utamwona harusini, wifi," akamwambia. "Waambie wazee waje kwangu."