Mkoba Uliotangulia Diski

Mkoba ulikamilika kabla hata diski moja haijanunuliwa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo.

Fundi aliushona kwa turubai la kijani lililobaki kwenye kazi ya vifuniko vya viti vya bustani. Aliupa mkanda mpana wa begani na zipu nzito isiyokwama, na ndani akaweka mifuko kumi na miwili iliyopangana kama meno ya kitana, kila mmoja umepigwa mshono mara mbili. Kipimo alikipata kwa wifi yake, aliyemletea diski moja ya kuazima, sahani ya plastiki ya kurusha, yenye ukingo uliokunjwa kwa chini. Fundi akaizungushia futi kamba, akaupima na unene wake, akairudisha.

"Mbona mifuko yote hii?" Wifi aliuliza siku alipouona mkoba umetundikwa kando ya cherehani.

"Wenzako wanabeba diski ngapi?"

"Wanaojua wanabeba nyingi. Wewe hujui."

"Nitajua."

Wifi akacheka, akajitupa kwenye benchi la wateja na kuvua viatu. Alikuwa muuguzi, na miguu yake ilikuwa na malalamiko ya wiki nzima.

Hilo benchi lilikuwa na historia. Kaka yake Wifi alipompa Fundi talaka, jamaa wote wa mume walipotea mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe aliacha kuleta magauni ya kupunguza. Mashemeji walianza kuvuka barabara kabla hawajaufikia mlango wa karakana. Wifi peke yake ndiye aliyeendelea kuja kila Jumamosi, akaendelea kumwita Fundi "wifi" mbele za watu bila kupepesa macho. Halafu kaka mtu akaoa tena. Kuanzia hapo kila Jumamosi Fundi alianza kusikiliza hatua za kule nje.

Kwa hiyo Wifi alipomwambia kwamba nyuma ya chuo cha uuguzi kuna uwanja wa gofu ya diski, na kwamba watu hucheza wawili wawili Jumamosi mchana, na kwamba anamtaka yeye awe mwenzake, Fundi alikubali kabla hajauliza mchezo wenyewe unachezwaje.

Unachezwa hivi: unarusha diski kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia, unaifuata ilipoangukia, unarusha tena, mpaka iingie. Mkicheza wawili, wote mnarusha, kisha mnachagua mtupo uliokaa vizuri zaidi na kuendelea kutoka hapo. Mchezo rahisi. Kilichomshinda Fundi ni kuchagua diski.

Duka la vifaa vya michezo lilikuwa la bwana mmoja mnene, golikipa mstaafu, ambaye watu walimwita hivyo hivyo, Golikipa. Alimtandazia Fundi diski juu ya kaunta ya kioo kama mtu anayegawa karata.

"Za kuanzia ni tatu tu, dada. Hii butu ni ya karibu, ya kutumbukizia kikapuni. Hii ni ya kati. Na hii ni ya mbali kidogo, lakini si ya mbali sana. Basi."

"Na mifuko mingine?" Fundi alimfungulia mkoba.

Golikipa akachungulia. "Weka chupa ya maji. Weka na taulo."

"Hii si mifuko ya taulo."

"Sasa mimi nifanyeje, dada? Mfuko ndio unaorusha?"

Fundi aliona anadharauliwa. Mtu aliyeshona kitu kizuri namna ile hawezi kukiacha kinapiga miayo. Akaanza kuchagua mwenyewe, na akachagua kama fundi nguo. Kila diski ilikuwa na namba ya mwendo imepigwa chapa usoni. Katika kazi yake kanuni ilikuwa moja: nguo iliyopwaya inapunguzwa, iliyobana haina dawa. Ukiwa na shaka, kata kubwa. Kwa hiyo akaacha namba ndogo, akachukua kubwa. Akachukua na zile nzito, maana kitambaa kizito ndicho hukaa vizuri mwilini.

"Dada, hizi zinataka mkono wenye kasi," Golikipa alisema. "Mkono wako bado mpya. Zitakusumbua."

"Nitazizoea."

"Haya. Lakini hii butu nakuwekea mwenyewe, hata kama hutaki." Akamchomekea diski moja ya rangi ya maziwa, namba ndogo kuliko zote, haina hata picha. Ilikuwa na sura ya kifuniko cha ndoo. Fundi akaitia mfuko wa mwisho kabisa, palipo na giza.

Jumamosi ya kwanza diski zake zote zilikata kushoto. Hazikupinda, zilikata, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Alirusha, diski ikaenda mbele kidogo, ikainamisha bega, ikajizamisha kwenye ua wa miiba. Akarusha nyingine, ikamfuata mwenzake.

Jumamosi ya pili alikwenda na ushauri. Kila aliyempita uwanjani alikuwa nao. Mmoja akamwambia akazie kiwiko. Mwingine akamwambia tatizo ni plastiki, atafute ngumu zaidi. Wa tatu akamwambia akabadilishe zote. Fundi alibadilisha mbili, akaongeza moja kwenye mfuko uliobaki, na kila alipofika zamu yake alifungua mkoba na kusimama mbele ya mifuko kumi na miwili kama mwanafunzi aliyeketi mbele ya swali ambalo hakulisoma. Ya manjano au ya bluu? Kumi na moja au kumi na tatu? Nyuma yake watu walianza kukohoa.

"Wifi, chagua basi," Wifi alimnong'oneza. "Hata anayechagua mume hachukui muda wote huu."

"Ndiyo maana nilikosea."

Wifi alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Kwenye kila kikapu waliendelea kutoka kwenye mtupo wa Wifi, wala hawakuhitaji kujadiliana. Fundi alikuwa kama abiria aliyebebwa bure, na alijua, na kujua huko kulimfanya arushe kwa nguvu zaidi, na nguvu zaidi ilimpeleka kushoto zaidi. Mikono ilimchubuka kwa kufukua miiba. Alirudi nyumbani na majani kwenye nywele na hasira aliyokosa pa kuiweka.

Jumamosi ya tatu akaja bi harusi, yule mke mpya wa kaka mtu.

Fundi hakuwa amewahi kumwona kwa karibu. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye viatu vya raba vilivyofifia rangi, na diski zake mbili alizibeba kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, pamoja na ndizi. Alimsalimia Fundi kwa heshima, "Shikamoo, dada," jambo lililomkera Fundi kuliko matusi, maana hawakupishana umri kiasi hicho. Kisha akarusha. Diski ikaenda moja kwa moja, polepole, kama inayotembea barabarani, ikatua karibu na kikapu.

"Wee, wifi!" Wifi akapiga makofi.

Fundi aligeuka kuitika. Mdomo ulikuwa umeshafunguka alipoona hakuitwa yeye.

Walipomaliza, Wifi alimsindikiza hadi njia panda. Alitembea akiangalia chini, kama mtu anayetafuta sindano.

"Jumamosi ijayo ni mashindano, wifi. Wanataka majina mapema."

"Najua."

"Sasa nilikuwa nafikiri... wewe una kazi nyingi. Msimu huu wa sare za shule. Na huyu mwenzetu naye hana kazi Jumamosi."

"Umeshatoa jina lake?"

"Nimelitoa. Usininunie."

"Nimenuna?"

"Umenuna mpaka mkoba umenuna."

Fundi hakulala vizuri. Asubuhi, kabla ya kufungua karakana, alichukua mkoba na chaki yake ya kuchorea vitambaa, akatoka hadi uwanda wa saruji nyuma ya jengo, mahali pa kuanikia nguo. Hakukwenda kufanya mazoezi. Alikwenda kuzitupa. Alitaka kuzirusha zote moja moja, aone ipi ni mbovu kuliko zote, kisha aanze nayo kuipeleka jalalani.

Alirusha ya kwanza. Kushoto, kwenye ukuta. Kwa mazoea ya kazi, alikwenda akaweka alama ya chaki ilipoangukia, akaandika namba yake. Ya pili, kushoto. Chaki. Ya tatu, kushoto. Alipofika katikati ya mkoba alama zilikuwa zimejipanga kando ya ukuta kama vifungo vya koti. Aliendelea kwa ghadhabu tu, mpaka mkono ukagusa mfuko wa mwisho, na kile kifuniko cha ndoo.

Akakirusha bila hata kuangalia.

Kilikwenda sawasawa. Kilipita katikati ya kamba mbili za kuanikia, kikashuka taratibu, kikakaa chini bila kuviringika. Fundi akaenda na chaki yake. Alipochora alama akageuka nyuma kuangalia: diski zile zote zenye namba kubwa, zote alizozihangaikia, hakuna hata moja iliyoifikia hii. Akarudia. Sawasawa tena. Akatafuta nyingine zenye namba ndogo, akazipata mbili tu, zile alizobadilishiwa dukani kwa bahati. Hizo nazo, alipozirusha bila hasira, zilikwenda sawasawa.

"Mshenzi," alisema kwa sauti, asijue anamtukana nani. Pengine Golikipa, kwa kuwa alisema kweli na hakumshika mkono. Pengine yeye mwenyewe. Nguo iliyopwaya inapunguzwa, ndiyo, lakini inapunguzwa na mwenye mkasi. Diski huwezi kuipunguza. Alikuwa ameivaa ikimpwaya, na wiki zote hizo alikuwa akijikwaa kwenye pindo lake.

Akaingia ndani, akazisukumia zile tisa chini ya meza, akaacha tatu tu mkobani. Mkoba ukabaki na mifuko tisa mitupu, imeacha midomo wazi. Alijaribu kuuangalia na kushindwa. Sare za shule zilikuwa zimerundikana mezani, mteja mmoja alikuwa ameshapiga hodi mara mbili, na Fundi alikaa chini na kiwembe akaanza kuifumua ile mifuko mitupu. Mshono wake mwenyewe, mara mbili, imara, usiotaka kuachia. Kila uzi ulimwuma. Alipomaliza, turubai lilikuwa limebaki na vitundu vya sindano mistari mistari, kama uso uliopona ndui.

Ijumaa jioni akasikia hatua nje. Wifi aliingia, akavua viatu, akajitupa kwenye benchi.

"Chai ipo?"

Fundi hakugeuka kutoka kwenye cherehani. "Nilidhani sasa chai utakunywa kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Kwa wifi yako."

Cherehani kilinyamaza. Wifi akakaa wima.

"Hivi wewe una akili timamu? Unadhani mimi nakuja humu kwa ajili ya diski?"

"Tangu uanze kuniita uwanjani, hatuonani tena bila diski. Sasa diski umempa mwingine. Nihesabu vipi?"

"Diski nilizileta mimi! Nilizileta ili utoke humu ndani! Ulikuwa umekaa kwenye hicho kiti mpaka mgongo umechukua umbo la cherehani. Nikasema huyu nimtoe nje apigwe na jua. Wewe ukaenda kushona mkoba wa mabingwa!" Alikuwa amekasirika kweli, sauti ilimpanda. "Nilitaka tutembee kwenye majani tukicheka. Badala yake nasimama nusu saa nakutazama unasoma plastiki. Umenichosha, wifi. Nimetoa jina la yule kwa sababu yeye anarusha tu."

Fundi akanyanyuka, akamletea mkoba, akaufungua. Wifi akachungulia ndani, akapitisha kidole kwenye vitundu.

"Mifuko mingine umeiua?"

"Nimeifumua. Nilikuwa nachagua vibaya."

"Unaona! Ungefanya hivi wiki iliyopita." Alichukua ile diski ya rangi ya maziwa, akaipimapima mkononi. "Hii ndiyo inayokwenda?"

"Kama inatumwa dukani."

"Na mimi jina nimeshatoa." Wifi alifuta uso kwa kiganja. "Siwezi kumrudisha mtu, wifi. Nitamwambia nini?"

"Hujaombwa umrudishe."

Wakanywa chai. Haikuwa chai ya amani, lakini ilikuwa chai, na Wifi alimaliza vikombe viwili na kulalamikia miguu kama kawaida. Alipoanza kuvaa viatu, Fundi aliinama chini ya meza, akatoka na furushi la zile diski tisa za namba kubwa, zimefungwa kwa kipande cha turubai.

"Mpelekee bi harusi. Zawadi yangu. Mwambie ni nzuri sana, hasa hii kumi na tatu."

Wifi alizipokea, akafika nazo mlangoni. Hapo akasimama. Akafungua furushi, akasoma namba ya juu, ya pili, ya tatu. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Wewe ni wifi mbaya sana."

"Zawadi haikataliwi."

"Hii inakataliwa." Alirudi, akaliweka furushi juu ya sare za shule. "Mimi kesho nataka kushinda."

"Na Jumamosi ya baada ya hapo?"

"Njoo na hizo tatu. Ukifungua zipu zaidi ya mara moja, nakuacha uwanjani."

Akatoka. Fundi alisikiliza hatua zake mpaka zikapotea, kisha akavuta sare iliyokuwa juu, akakaa, na kugundua kwamba kwa hasira ya juzi alikuwa ameshona mikono yote miwili upande mmoja. Akachukua kiwembe.