Siku Tulipopiga Muziki wa Chuma kwenye Arusi ya Mama Mudogo

Enzi zetu kule Uvira, mtoto mwenye kaseti ya muziki wa chuma, ule wa Kizungu wa magitaa yanayonguruma, aliheshimiwa kuliko mwenye viatu vipya. Rumba ilikuwa ya kila mtu, na kwaya ilikuwa ya kila nyumba. Chuma kilikuwa chetu sisi wachache. Kaka yangu Deo alipewa kaseti tatu na rafiki yake aliyekuwa akipeleka ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, Bujumbura. Makaratasi yake yenye majina yalikuwa yameng'oka, basi tukazibatiza wenyewe. Ya kwanza tuliiita Kinu, kwa sababu ngoma zake zilitwanga kama wamama watatu wanaotwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu kimoja. Ya pili ilikuwa Babu Mukali, maana mwimbaji wake alifoka tangu mwanzo mpaka mwisho kama aliyeibiwa mbuzi. Ya tatu tuliiita Kofi. Nyimbo zake zilikuwa fupi, zinakupiga na kuisha kabla hujajua umekosa nini.

Mimi nilipenda Kinu kuliko zote. Gitaa lake lilianza chini, zito, kama lori linalopanda mlima na mizigo, halafu ghafla jingine linapaa juu na kulia peke yake, tamu kabisa. Deo alikuwa akitufundisha kama mwalimu wa katekisimu. Alisema kelele peke yake si chuma, hata sufuria ikianguka inapiga kelele. Chuma ni kelele iliyopangwa, watu wote wanakasirika pamoja na hakuna anayepotea njia.

Baba alikuwa anaongoza kwaya ya kanisa, na kinanda cha kwaya alikifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Akisikia Babu Mukali alikuwa anauliza kama huyo muntu iko mugonjwa. Mama hakujali muziki, alijali mabuye, yaani betri, ya redio yetu ya kaseti. Alikuwa anayaanika juani ili yapate nguvu kidogo, yatutoshe kwa habari za jioni, na sisi tukiyamaliza kwa Kofi alitulaza bila hadithi yake ya usiku.

Halafu vita ikaingia. Msiniulize ilikuwa ya ngapi, sisi watoto tulizihesabu kwa nyumba tulizolala. Tulikimbilia Kiringye, kwa mjomba wa Baba aliyekuwa na shamba la muhogo, na humo tukajazana jamaa nzima pamoja na majirani wa Uvira. Redio ilibaki nyuma, na kaseti pia. Muziki ulibaki vichwani. Deo aliweka madumu mawili ya mafuta na sufuria iliyopasuka, akavuta waya za breki za baiskeli juu ya ubao, akamkabidhi binamu yetu Safari madumu. Mimi nikawa mwimbaji, kwa sababu sauti ya Deo ilikuwa inavunjika na yangu ilijua kunguruma kama fisi wa milima ya Bijombo.

Mama mudogo Esperansi, mdogo wake Mama, alikuwa ameposwa kabla ya vita. Bwana arusi alikuwa mkulima wa hapo Kiringye, na familia zikakubaliana kwamba vita imeshachukua vingi, haitapewa na arusi. Wapiga ngoma walialikwa kutoka Kamanyola. Siku ilipofika barabara ilikuwa imefungwa, na hawakuonekana. Chakula kiko tayari, wageni wanatazama miguu yao. Nyanya wa bwana arusi akasema polepole, kila mtu akasikia:

"Arusi bila ngoma iko sawa na kilio."

Mama mudogo akaanza kutoa machozi. Deo akamwangalia Baba. Baba akaangalia madumu, akaangalia shemeji yake analia, akatikisa kichwa kama anayemeza kwinini.

"Pigeni," alisema. "Lakini Mungu anaona."

Safari akaanza kutwanga. Waya za Deo zikanguruma. Watu wakaganda. Zamu yangu ikafika, na hapo nikakumbuka kwamba maneno ya Kinu sikuyajua hata moja, yalikuwa ya Kizungu. Nilijua tu kwamba anayeimba chuma anataja kinachomuuma. Nikafungua mdomo, nikanguruma jina la samaki wa ziwa letu niliyekuwa ninamtamani tangu tukimbie:

"Mukeke!"

Nikanguruma tena: "Mukeke ya kuchoma! Kitanda yangu! Masomo!"

Jirani yetu mmoja wa Uvira akacheka, kisha akajibu kwa sauti yote: "Kuku zangu!" Mwingine akaita mashine yake ya kushona aliyoiacha Uvira. Mwingine mlango wake, mupya kabisa, alikuwa bado hajaupaka rangi. Safari akaongeza mwendo. Yule nyanya akainuka, akarusha mguu juu kama wachezaji wa ngoma wa Burundi, na bibi arusi akamfuata akiwa bado na machozi mashavuni. Vumbi likapanda. Na katikati ya vumbi nikamsikia Baba, mtu ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti nje ya wimbo wa kanisa:

"Kinanda yangu!"

Tulicheza mpaka madumu yakapasuka.

Siku hizi mwanangu ana nyimbo zote za dunia ndani ya simu, na hamalizi hata moja; gitaa halijapanda mlima ameshabadilisha. Juzi nilimngurumia mwanzo wake, akanitafutia Kinu. Kumbe ina jina, na picha, na waimbaji wenyewe ni wazee wenye vitambi. Sauti ilikuwa safi, hata pumzi ya mwimbaji niliisikia. Mwanangu akaniuliza kwa nini ninapunguza sauti.

Nikamwambia sisi tulisikiliza kwa sikio moja, la pili lilikuwa barabarani, kusikia nani anakuja. "Weye leo uko na masikio mawili, yote yako. Hiyo njo raha tuliyokuwa tunaomba."

Akatabasamu, akayaziba yote mawili kwa vile vidude vyake, akaanza kutikisa kichwa peke yake. Nikabaki ninamtazama, nisijue anasikia nini.