Sauti Isiyovuta Pumzi

Ukitaka Celestine Wakesho akufungulie mlango, mwite kwa mdomo wako. Usimbonyezee kengele, usimtumie ujumbe, wala usimchezee wimbo wa simu ukidhani unamfurahisha. Hafungui ng'o. Utakaa hapo nje jua la Jeddah likukaange mpaka ukome. Kuna wanaomjua hapa Aziziya wanaosema ana maringo. Maringo gani, jamani? Ngoja niwaambie alikotoka, halafu arudie mwenye kusema.

Kabla ya Jeddah alikuwa Riyadh, mtaa wa Suwaidi, mfanyakazi wa ndani. Kwao ni Wundanyi, kule Taita, na kanisani alikuwa akiimba sauti ya pili. Nyumba ile ya Riyadh ilikuwa na madam mjane, binti yake Amal aliyekuwa bado shuleni, na mwana mkubwa, Faris. Huyo Faris ndiye aliyekuwa ugonjwa wa nyumba. Alifukuzwa kazi, akaleta hasira zote nyumbani. Chai ikiwa moto sana, kofi. Ikipoa, anavua igali, ule ugwe mweusi wa kubania kilemba, anachapa nao. Siku moja alimchapa usoni mpaka jicho likafungika, eti kanzu ina mkunjo kwenye kola. Madam alipoona damu alisema, "Mafi mushkila, hakuna shida, nenda unawe." Shenzi kabisa.

Binadamu mle ndani alikuwa Amal peke yake. Mtoto yule alikuwa amepagawa na nyimbo za Kijapani zinazoimbwa na kompyuta. Ndiyo, kompyuta! Hakuna mtu anayeimba. Mtunzi anaandika maneno na muziki, mashine inatoa sauti ya msichana, nyembamba, inayokwenda mbio. Kila Ijumaa Amal alimchagulia Celestine wimbo mmoja na kumpelekea jikoni.

"Salesti, sikiliza huu. Usipoupenda, huna moyo."

Celestine alisikiliza, akakunja uso. "Huyu ni mbu amenaswa ndani ya redio."

"Sikiliza tena!"

"Na mbona havuti pumzi? Mstari mrefu hivyo, si atazimia?"

"Hazimii," Amal akacheka. "Ndiyo raha yake."

Basi wakazoeana hivyo. Baada ya muda Celestine alikuwa akipiga deki huku anaimba Kijapani, lugha asiyoijua hata neno, na Amal anamsahihisha kutoka ngazini.

Nyimbo zikapata kazi nyingine. Kutoka dirisha la Amal, ghorofani, geti lilionekana vizuri. Faris akirudi anabamiza mlango wa gari, Amal alifungulia spika wimbo wa kasi, wenye ngoma za fujo, na Celestine alikimbilia chumba cha kufulia akapiga komeo. Faris akiondoka, Amal aliweka wimbo wa polepole, wa mvua. Hapo Celestine alijua ni salama, akatoka. Hawakumwambia mtu. Miezi hiyo alipigwa mara chache, hata akaanza kunawiri.

Lakini Faris hakuwa mjinga. Alasiri moja ngoma zililia, Celestine akajifungia. Akangoja. Baadaye akausikia wimbo wa mvua, ile sauti ile ile, haijatetemeka, haijabadilika hata chembe. Akafungua. Faris alikuwa amesimama mlangoni na simu ya Amal mkononi, anatabasamu.

Lo! Alimvuta kwa nywele mpaka sebuleni. Alimkanyaga kifundo cha mkono mpaka mfupa ukalia, na wimbo ukaendelea kuimba sakafuni, mtamu vile vile. Amal alipojaribu kumshika kaka yake alitupwa ukutani. Kule kliniki madam alisema mtumishi ameteleza ngazini. Celestine akarudishwa nyumbani na plasta ya mkono, na tangu siku hiyo geti likawa linafungwa kwa ufunguo.

Sasa akajua kwamba asipotoka mle ndani atatolewa maiti. Alitafuta nafasi kimyakimya, na Faris akagundua kabla hajaipata: aliikuta simu ya Celestine ina namba ya ubalozi. "Leo halas," alimwambia. "Leo nakumaliza." Celestine aliwahi chumba cha kufulia, komeo likaingia teke la kwanza likitua. La pili likang'oa skrubu. La tatu likapasua ubao. Halafu Faris akatukana, akatoka kwenda kutafuta nyundo kwenye banda la nyuma.

Kimya. Kisha wimbo wa mvua ukalia nje ya mlango.

Celestine hakusogea. Alishika pasi kwa mkono mzima, akasema moyoni, cheza tu, sifungui, hata ukiucheza mpaka kiyama. Ni Amal? Ni yeye? Sauti ile haikuwa na jibu. Wimbo ukakatika.

Ndipo akasikia nyingine. Mbaya! Imekwaruza, imetoka nje ya muziki, inavuta pumzi katikati ya neno, inameza makamasi, inarudi mstari iliousahau. Hakuna mashine inayoimba vibaya namna ile. Celestine akafungua komeo.

Amal alikuwa na mdomo uliopasuka na ufunguo wa geti kiganjani. "Yalla, Salesti, yalla!"

Walifika getini Faris akitokea nyuma na nyundo. Amal alisimama katikati. Nyundo ikamshukia begani, akaenda chini bila sauti. Celestine alimtandika Faris gotini kwa ile pasi kwa nguvu zake zote, akamtandika tena alipoinama, jino likaruka. Nami nasema wazi, simhurumii. "Nenda!" Amal alipiga kelele kutoka chini. "Nenda, mimi ni dada yake, mimi hataniua!"

Aliokota ufunguo, akafungua geti, akaenda. Zacharia, dereva Mkenya wa nyumba ya pili, alikuwa akiosha gari. Aliona damu, akafungua mlango bila kuuliza, akampeleka ubalozini.

Ilichukua muda mrefu mpaka ikama yake, kile kibali cha kuishi, ikahamishiwa kwa kafili mpya, yaani mwajiri mdhamini, Mzee Mbarouk, wa hizi familia za Kizanzibari zilizokaa Jeddah tangu zamani. Mkewe, Bi Wahida, ni mtu wa watu. Ameshajua dawa. Akitaka kuingia chumbani kwa Celestine husimama mlangoni na sauti yake ya kukohoa. "Mwanangu, mie huyu. N'fungulie, n'na uji." Celestine husikiliza pumzi kwanza, halafu hufungua.

Mwezi jana simu yake ililia. Namba ya Amal. Hakukuwa na salamu wala neno, ila wimbo wa mvua, ile sauti ya mashine, tamu vile vile. Celestine aliusikiliza mpaka mwisho. Ni mtoto anamwita, au ni yule mwingine anamtafuta alipo? Akimjibu vibaya atajulikana, asipomjibu pengine atakuwa amemwacha Amal chini pale getini mara ya pili. Alilia mpaka Bi Wahida akaja. Kisha akaandika, "Imba mwenyewe."

Ujumbe umesomwa. Mpaka leo hajaimba mtu.