Mate ya Bibi Veronika

Bibi Veronika wa Katumba Songwe alipenda wali tangu utoto, na uzeeni wali ndio ukamkimbia. Ukawa unamzunguka mdomoni kama pumba, mpaka ausukume kwa maji. Mimi jirani yake, katika mizunguko yangu nilikuwa nikipita kwake namkuta ananyonya kokoa mbichi, mbegu zikiwa bado na utelezi wake.

"Hii inavutavuta mate kidogo," alikuwa akisema. "Uzee, kaka yangu, umeanza kunikaushia mdomo."

Nesi wa zahanati alimweleza kwamba tezi za mate nazo huchoka kadiri mtu anavyozeeka, na vidonge vyake vya presha vinazidi kuzikausha. "Unywe maji kidogo kidogo, bibi. Dawa usiache."

Ingebaki taabu ya chakula tu, kama si Lusungu. Mjukuu huyu bibi alimlea mwenyewe, naye akaenda kuolewa Mbugani bila kumuaga. Bibi alinuna, halafu yakaisha. Lakini Lusungu akaharibikiwa mimba, na ya pili tena, ukoo ukasema: hicho ni kinyongo cha bibi. Maana kwetu, na ukristo wetu huu, mzee akisamehe hutamka kinachomuuma, kisha hutema mate chini, kitoke chote.

Wakakusanyika. Bibi akatamka, akavuta mashavu, akatema. Hewa tupu.

"Tena," akasema Lazaro, mdogo wake.

Akatema. Hewa.

"Mpeni maji basi," nikasema mimi.

"Maji ya kikombe ni ya kisimani," Lazaro akanijibu. "Sisi tunataka yanayotoka kwake. Dada, uzee wote huo bado unabana?"

"Nabana nini, Lazaro? Hata ya kumezea ugali sina, wewe unataka ya kutema!"

Watu wakacheka. Lusungu hakucheka. Alikaza kanga yake, akasema, "Haya bibi, nimeelewa," akaondoka.

Wakapanga kurudia baada ya mavuno ya mpunga. Siku ilipofika nikamkuta bibi mlangoni, anachekelea kama msichana.

"Yamerudi, kaka! Vidonge nimeviweka pembeni wiki hizi."

Nikamsihi, nikamsihi sana.

"Leo tu," akasema. "Kesho nitameza."

Basi akatema, donge zima, mbele ya miguu ya Lusungu. Vigelegele vikapigwa. Lusungu akamkumbatia, akalia mpaka akapiga magoti.

Kesho yake bibi hakuinuka. Upande mmoja ulikuwa umelala, mdomo umepinda.

Sasa Lusungu amerudi kumuuguza. Bibi hasemi, na kumeza ni kwa shida, kwa hiyo mate humtoka pembeni mwa mdomo mchana kutwa. Lazaro huja, hukaa nje kwenye benchi, haingii.

Juzi nilimsikia Lusungu akimfuta kidevu, polepole, kwa ncha ya kanga.

"Yatosha, bibi," alikuwa anamwambia. "Yatosha. Nimeamini."

Nayo yanazidi kutoka.